Majani ya mawaridi yangu yanaharibika: ni ukungu, wadudu, au haya maji yetu ya Arusha?

#1 Mama Pendo
Wakuu, habari za jioni.

Nina mashina 14 ya waridi nyumbani Moshono. Tisa yako ukutani upande wa barabara ya vumbi, matano yako nyuma karibu na tangi la maji. Nilipanda mwaka juzi, yakachanua mpaka majirani wakawa wanabisha hodi kuomba vikonyo. Tangu masika yaishe majani yanaharibika na sielewi kinachoendelea. Kuna yaliyotoboka katikati, kuna yenye madoa meusi, kuna yaliyopauka, na mengine yanageuka njano na kudondoka. Asubuhi chini kumejaa utadhani sikufagia jana. Halafu kuna yaliyokatwa pembeni nusu mwezi safi, kama mtu kapita na mkasi.

Duka la pembejeo walinipa dawa ya wadudu. Nimepuliza Jumamosi tatu mfululizo na naona hali imezidi. Kijana aliyeniuzia anasema niongeze dozi.

Namwagilia jioni nikitoka kazini, kwa mpira, maji ya kisima. Mbolea natumia ya kuku. Picha mbili hizo hapo chini. Tatizo ni nini?

#2 Kiti cha Mbele
Nimeweka stuli. Ngoja waje wenye fani.

#3 Mstaafu wa Ugani
Mama Pendo, picha ya kwanza inasema kitu. Ya pili nimeona kidole gumba chako vizuri kuliko jani.

Hiyo ya kwanza ni ugonjwa wa madoa meusi, na ni ukungu. Kwa waridi la bustanini hakuna ugonjwa unaojulikana kuliko huo. Doa lake ni la mviringo lakini kingo hazikunyooka, zimetawanyika kama wino uliodondokea karatasi ya kufungia maandazi. Linakaa upande wa juu wa jani. Jani linapata njano kuzunguka doa, kisha linaachia. Unaanzia majani ya chini na kupanda juu, mpaka unabaki na fimbo yenye ua moja kileleni.

Vimbegu vya ukungu huo vinahitaji jani likae limelowa kama saa saba mfululizo ndipo viote. Sasa wewe unamwagilia jioni, tena kwa mpira, juu ya majani. Jani linalala na maji mpaka jua la kesho yake. Umewatandikia kitanda na shuka.

Na dawa ya wadudu haiui ukungu. Ni sawa na kumeza dawa ya minyoo ukitegemea mafua yapone. Okota majani yote yaliyoanguka, yachome au yazike mbali, maana ukungu unakaa humo ukisubiri tone la maji liurushe juu. Mwagilia asubuhi, shinani.

#4 Dogo wa Usa River
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote napingana kidogo.

Nimefanya kazi shamba la maua huku Usa miaka sita, ndani ya grinhausi. Nimeivuta ile picha ya kwanza mpaka ikapasuka. Rangi ninayoiona mimi si nyeusi, ni zambarau inayoelekea kahawia, na doa lina pembe. Limekatwa na mishipa ya jani, halikuzunguka. Huo ni ubwiri vinyoya, shambani tulikuwa tunauita dauni tu. Baridi na unyevunyevu ndiyo chakula chake, na Arusha ya Juni na Julai mnaijua, wiki nzima manyunyu na jua hulioni. Dauni haina subira. Leo unaona madoa machache, baada ya siku chache kichaka kizima kiko uchi, majani mengine yanaanguka hata hayajawa njano.

Mama Pendo amka alfajiri, geuza jani, angalia kwa chini kama kuna vinyoya vya kijivu. Ukichelewa jua likitoka huvioni.

#5 Mstaafu wa Ugani
Marahaba mdogo wangu. Hoja yako ina mashiko, ila hiyo dauni yako umeizoea ndani ya plastiki ambako hewa haizunguki. Hapa tunaongelea ukuta wa barabarani, upepo unapita. Sisemi haiwezekani. Nasema ungeanza na mtuhumiwa wa kawaida kabla ya kumtafuta mgeni.

#6 Dogo wa Usa River
Mzee, ukuta unazuia upepo, haupitishi. Waridi liko upande gani wa ukuta?

#7 Mama Pendo
Ndani jamani. Nikipanda nje si mbuzi watamaliza kabla ya ukungu.

#8 Binti Makunduchi
Watu wa bara mnanichekesha. Waridi nalo linaugua magonjwa yenye majina kama timu za mpira. Huku Unguja sisi tunalitaka kwenye kikuba na asumini basi, majani yake hata hatuyatazami.

#9 Kalamu Nyekundu
Samahani kwa kuingilia. Waridi ni ua. Mmea wake unaitwa mwaridi, wingi miwaridi. Kwa hiyo waridi halina majani yanayoharibika, ni mwaridi ndio wenye majani. Kichwa cha uzi kirekebishwe.

#10 Kiti cha Mbele
Mwalimu kaingia darasani bila kubisha. Mwenzio anapoteza kichaka wewe unahesabu ngeli.

#11 Mkulima wa Limuru
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi nashangaa wote mmeruka jambo moja alilolisema mwenyewe: amepuliza dawa ya wadudu mara tatu na hali ikazidi. Hapo ndipo mimi ningeanzia.

Kuna kadudu kanaitwa utitiri. Si mdudu hasa, ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui na kupe. Anakaa chini ya jani na kunyonya. Ukiangalia jani kwa juu unaona vidoti vidogo sana vya njano, kama limenyunyiziwa unga wa dengu, baadaye linapauka na kuwa rangi ya shaba, kisha linaanguka. Akizidi, anafuma utando mwembamba kati ya majani. Anapenda joto, ukavu na vumbi. Mmesikia? Vumbi. Na tisa ziko barabarani.

Sasa zile dawa nyingi za wadudu hazimuui yeye, zinaua wale wanaomla. Ukipuliza Jumamosi unawafukuza askari na kuwaachia wezi mji. Kukiwa na joto la kama nyuzi 30 anatoka yai hadi mzazi kwa wiki moja hivi. Ongeza dozi kama unataka kumfurahisha mwenye duka. Huku Naivasha mashamba makubwa yananunua utitiri mwingine wa kumla huyu, wanaumwaga juu ya maua kama chumvi. Niliwahi kucheka nilipoona, nikadhani bwana amerogwa.

Jaribio ni rahisi bana: chukua karatasi nyeupe, weka chini ya tawi, gonga tawi. Subiri. Vumbi halitembei.

#12 Dogo wa Usa River
Hili la karatasi nakubali asilimia mia. Ila Arusha ya Julai joto la 30 unalitoa wapi kaka?

#13 Mkulima wa Limuru
Ukuta mweupe ukipigwa na jua la mchana unageuka jiko. Hata Limuru yenye baridi ya kugandisha maziwa nimeupata, tena pembeni ya barabara.

#14 Mzee wa Kihamba
Vijana, nimelima kahawa Kibosho tangu mnanyonya. Hiyo ni kutu. Kutu ya kahawa imehamia kwenye maua kwa sababu watu wameacha kupuliza mibuni. Chukua mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, changanya na chokaa, puliza. Kwisha.

#15 Dogo wa Usa River
Shikamoo mzee wangu. Kutu ya waridi ipo kweli, lakini haitoki kwenye kahawa. Ni ukungu mwingine kabisa. Wa kahawa haushiki waridi na wa waridi haushiki kahawa. Na ingekuwa kutu angeona unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, ukishika unabaki kidoleni. Mama Pendo hajasema hivyo.

#16 Mstaafu wa Ugani
Naongezea hapo. Mrututu na chokaa ni dawa ya heshima, imeokoa mizabibu Ufaransa tangu miaka ya 1880. Ila kwa waridi uwe mwangalifu. Ukipuliza wakati wa baridi na manyunyu, jani halikauki haraka, shaba inaliunguza na kuacha vidoti vyekundu na njano. Halafu mtu anakuja hapa jukwaani kuuliza ni ugonjwa gani.

#17 Mzee wa Kihamba
Marahaba. Sawa, lakini mibuni yangu ipo mpaka leo.

#18 Meno ya Arusha
Mnazunguka tu. Mtu kasema maji ya kisima, Moshono, Arusha. Maji ya kuzunguka Meru yana madini ya floraidi, kila mtu anajua. Mimi nimekulia karibu na Maji ya Chai, tabasamu langu linatosha kuwa kitambulisho cha mkaazi. Maji yanayopaka jino rangi yatashindwa na jani la waridi?

#19 Binti Makunduchi
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#20 Mstaafu wa Ugani
Jina umelipatia, na kuhusu maji hujakosea sana, ila mtuhumiwa umemkosea. Floraidi inaunguza ncha za majani ya baadhi ya mimea, hilo ni kweli. Lakini kwenye udongo wenye chokaa sehemu kubwa inanaswa. Linalosumbua zaidi kwa maji ya namna hiyo ni magadi yake. Ukimwagilia miezi na miezi, udongo unapanda uchachu wa nyongo, kwa lugha yetu unakuwa wa kimagadi. Hapo madini ya chuma yamo ardhini lakini mzizi hauwezi kuyachukua. Dalili yake ni majani machanga, ya juu, kugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Jani linakuwa kama ramani ya barabara.

Kwa hiyo swali kwa Mama Pendo ni hili: njano inaanzia juu au chini? Ikianzia chini kwa majani makuukuu, fikiria madoa meusi au njaa ya naitrojeni. Ikianzia juu, fikiria maji. Ikiwa ni kingo tu zimekauka kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, hiyo ni chumvi, na mbolea ya kuku ikiwekwa mbichi inafanya vivyo hivyo hata ukimwagilia maji ya mvua.

#21 Mama Pendo
Asanteni sana wote. Naomba nijibu kwa mafungu maana mmeniandama.

Karatasi nimefanya. Kwa yale ya barabarani, vidoti vinatembea! Niliganda hapo dakika nzima. Kwa yale matano ya nyuma hakuna kitu, vumbi tu na sisimizi mmoja aliyepotea.

Njano: barabarani inaanzia chini. Nyuma kwenye tangi nadhani juu, lakini naomba niangalie tena mchana.

Alfajiri sijaamka. Naomba mnisamehe, ilikuwa baridi.

Mbolea ya kuku inatoka bandani moja kwa moja, nikiri tu.

#22 Kiti cha Mbele
Moja kwa moja kutoka kwa kuku. Na sisi tunalaumu ukungu.

#23 Shemeji wa Njombe
Mimi niulize: majani mapya yanatoka na umbo lake? Nina sababu. Mwaka jana msimu wa kuandaa mashamba jirani yangu alipuliza dawa ya magugu kwenye kiwanja chake cha mahindi siku ya upepo. Mawaridi yangu hayakufa. Yalikaa kimya kabisa, mimi nikasahau. Yalipochipua tena, majani yalitoka membamba kama uzi wa kushonea, yamejikusanya pamoja kama ufagio mdogo. Nilinunua dawa za ukungu, nikanunua za wadudu, nikamwagia na maji ya kanisani. Mpaka bwana shamba mmoja akaja akaangalia ng'ambo ya uzio na kuuliza, huyu jirani anapalilia kwa jembe au kwa pampu? Ndipo nikaelewa. Na jirani hajakubali mpaka leo, tunasalimiana kwa shingo.

#24 Mtoro wa Houston
Shemeji, uliyoyaeleza yananitisha. Huku Marekani kuna ugonjwa unaitwa rozeti. Machipukizi yanatoka mekundu, yamerundikana kama ufagio, miiba imejaa kupita kiasi. Ni kirusi, kinabebwa na utitiri mdogo sana unaosafiri kwa upepo. Hakuna dawa. Hapa Texas, hasa upande wa Dallas, watu wameng'oa bustani nzima. Mama Pendo, ng'oa mapema kabla haijasambaa!

#25 Dogo wa Usa River
Kaka taratibu, usimng'olee mama wa watu maua kutoka Houston. Huo ni ugonjwa wa huko Amerika Kaskazini, kirusi chenyewe kimetambuliwa 2011. Sijawahi kusikia shamba lolote la huku likiuripoti. Na utitiri wa karatasi ya Mama Pendo si huo, ule huuoni hata ukivaa miwani miwili. Alichosema Shemeji ni dawa ya magugu, inafanana tu. Tofauti ni miiba: dawa ya magugu haiongezi miiba.

#26 Mtoro wa Houston
Sawa mkuu, nimepoa. Nilipoteza vichaka sita, mkono ulitangulia.

#27 Mama Pendo
Majani mapya yana umbo lake Shemeji, hata jirani yangu analima kwa jembe. Pole kwa yaliyokukuta.

Jamani na zile nusu mwezi mbona mnazikwepa?

#28 Bustani Iringa
Konokono hao.

#29 Kiti cha Mbele
Konokono ana bikari?

#30 Mfuga Nyuki Sikonge
Nimesoma uzi wote nikisubiri swali hili, sasa nafasi yangu imefika.

Nusu mwezi safi pembeni mwa jani, ukubwa wa ukucha, kingo hazina meno: huyo ni nyuki. Si huyu wa asali tunayemrina huku Tabora. Ni nyuki anayeishi peke yake, hana mzinga wala malkia. Jike anakaa pembeni mwa jani, anazunguka kama anachora, sekunde chache tu kipande kimekatika naye anaondoka nacho kimekunjwa chini ya tumbo. Hakili. Anakwenda kutandika chumba cha mtoto wake ndani ya tundu, anaweka chavua na nekta, anataga yai moja, anafunika kwa kipande cha duara, anaanza chumba kingine juu yake. Tafuta kwenye mabomba matupu, mianzi, matundu ya ukuta. Utakuta kitu kama sigara kilichosokotwa kwa majani.

Hadhuru mmea kabisa. Na Jumamosi zako tatu, mama, nadhani yeye ndiye aliyeumia zaidi ya wote.

#31 Mama Pendo
Subiri. Geti langu ni la mabomba na moja halina kifuniko. Watoto walitoa "sigara" humo mwezi uliopita, nikawachapa kwa maneno nikidhani kuna kijana anavuta bangi pale getini!

#32 Binti Makunduchi
Kijana wa watu kasingiziwa na nyuki.

#33 Mkulima wa Limuru
Hii imenimaliza. Na matundu ya katikati ya jani? Hayo si nyuki.

#34 Mfuga Nyuki Sikonge
Si yeye. Yeye hukata pembeni tu. Matundu ya katikati yenye kingo zilizochanika, mishipa imebaki, ningesema dundu wa usiku. Wapo wa kahawia, wadogo kama harage, mchana wanajificha kwenye udongo. Toka na tochi kama saa mbili usiku, utawakuta mezani.

#35 Bustani Iringa
Au viwavi. Mimi kwangu walikuwa viwavi wa kijani, wanakula upande mmoja wa jani wanaacha ngozi nyembamba kama nailoni. Nilisema konokono kwa haraka, nakiri.

#36 Dada Sabuni
Nimechelewa. Kwa magonjwa yote hayo mimi natumia maji ya sabuni tu, kijiko kimoja kwa lita, na mwarobaini. Haya madawa ya dukani yanatuua.

#37 Mkulima wa Limuru
Sabuni gani dada? Ya mche au ya unga?

#38 Dada Sabuni
Ya unga, hiyo ya kufulia.

#39 Mstaafu wa Ugani
Dada, hapo unaongeza mtuhumiwa wa nane. Sabuni ya unga ina magadi na vitu vya kung'arisha nguo, inavua nta ya jani na kuliunguza. Ya mche isiyo na manukato, kidogo sana, jioni, kisha unasuuza asubuhi. Na mafuta ya mwarobaini usipulize jua la mchana, utakaanga.

#40 Dada Sabuni
Ndiyo maana majani yangu yana madoa ya kahawia! Nimekuwa nikiyatibu kwa sabuni zaidi. Haki ya Mungu.

#41 Bustani Iringa
Kuna na maziwa pia. Sehemu moja maziwa, tisa maji. Yanasaidia ule unga mweupe unaokunja majani machanga, ubwiri unga. Tatizo ni harufu, na paka wa mtaa mzima.

#42 Kalamu Nyekundu
"Uchachu wa nyongo" katika #20 ni nini? Nyongo haina uchachu, ina uchungu.

#43 Mstaafu wa Ugani
Ni msemo wangu wa shambani mwalimu, nikisema pH, yaani kipimo cha uchachu na umagadi wa udongo, wakulima wanasinzia. Msemo umeeleweka au haukueleweka?

#44 Binti wa Maskati
Nawapita kwa salamu. Hapa Omani juu ya Jebel Akhdar, kama mita 2000 hivi kutoka baharini, kuna mashamba ya mawaridi kwa ajili ya marashi. Yanachumwa mwezi wa nne alfajiri kabla jua halijakausha harufu. Nilipanda huko mlimani mwaka huu. Majani yake nilipoyaangalia kwa karibu yana matundu, yana madoa, yana kila kitu. Mzee mwenye shamba wala hakuyatazama. Anatazama ua tu.

#45 Binti Makunduchi
Nilisema mimi #8. Asante mwenzangu.

#46 Dogo wa Usa River
Wa marashi anachuma ua. Sisi wa kusafirisha Ulaya jani moja lenye doa shina zima linatupwa. Ndiyo maana tumekuwa na kichaa cha majani.

#47 Mama Pendo
MREJESHO baada ya wiki tatu. Samahani kwa ukimya, nilisafiri msibani.

Tochi: usiku wa kwanza nimekuta dundu kumi na moja, kwa hesabu yangu na ya Pendo. Tuliwaokota kwenye ndoo ya maji ya sabuni (ya mche, Dada Sabuni). Usiku wa pili watatu. Kwa hiyo matundu, Sikonge umepata, Iringa hujapata.

Nyuki: bomba la geti nimeliacha wazi kwa heshima yake.

Dawa ya wadudu nimeacha. Nikawa nayapiga majani ya barabarani maji kwa chini kila baada ya siku tatu, asubuhi, kwa ajili ya ule utitiri wa Limuru, nikaokota yaliyoanguka kama alivyosema Mzee Mstaafu. Mashina saba kati ya tisa yametoa majani mapya safi. Mawili bado yanapukutika, na ndiyo yaliyo kwenye kona ya ukuta ambako jua halifiki. Alfajiri niliamka mara moja. Chini ya jani niliona kitu cha kijivu, lakini sijui kama ni vinyoya au ni usingizi wangu.

#48 Mkulima wa Limuru
Saba kati ya tisa. Utitiri. Sina la kuongeza.

#49 Mstaafu wa Ugani
Samahani, ameacha kumwagilia jioni na ameokota majani. Hayo ni matibabu ya madoa meusi. Na utitiri ulioonekana kwenye karatasi haueleze doa lililo kwenye picha.

#50 Dogo wa Usa River
Wakubwa, manyunyu yameisha wiki mbili zilizopita. Hata asingefanya lolote yangepona. Na hayo mawili yaliyo kwenye kona yenye kivuli na hewa iliyotuama ndiyo dauni yangu. Kona hiyo ni grinhausi ndogo.

#51 Mzee wa Kihamba
Kama angepuliza mrututu tungekuwa tumeshalala.

#52 Meno ya Arusha
Hakuna aliyeuliza kuhusu matano ya kwenye tangi. Nimekaa hapa wiki tatu nasubiri.

#53 Mama Pendo
Nilikuwa nayaendea. Hayo ndiyo yamenichanganya. Hayana dundu, hayana utitiri, madoa machache. Lakini majani mapya ya juu ni ya njano na mishipa ni kijani, kabisa kama ramani. Ila ni mashina manne tu. La tano liko katikati yao, linanywa maji yale yale ya kisima, limenawiri, lina machipukizi matano.

#54 Meno ya Arusha
Nne kwa moja. Ushindi ni ushindi.

#55 Mstaafu wa Ugani
Hilo la tano ulinunua pamoja na mengine? Huenda limebebeshwa, yaani limeunganishwa, kwenye shina la aina nyingine, mizizi inatofautiana uvumilivu. Au mzizi wake umefika sehemu yenye udongo wa zamani, si kifusi cha wajenzi. Chimba kidogo pembeni ya hayo manne uone kama hakuna vipande vya saruji. Mafundi hupenda kuzika mabaki karibu na tangi.

#56 Shemeji wa Njombe
Au hilo la tano ni chipukizi la lile shina la chini, limetokea chini ya kiungo cha kubebeshea, si waridi ulilonunua tena. Limeshachanua?

#57 Mama Pendo
Sasa hivi ndiyo nawaza. Halijachanua tangu mwaka jana. Nilidhani linapumzika.

#58 Kiti cha Mbele
Uzi umeanza upya. Narudisha stuli.

#59 Dogo wa Usa River
Mama, weka picha ya shina lake pale linapogusa ardhi. Mchana, na kidole gumba kikae nyuma.